Kupima maji na gesi joto shambani: vihisi vya bei nafuu vikilinganishwa na njia nyingine

Umoja wa wamwagiliaji wenye akiba ndogo unapoamua kupima ubora wa maji yake pamoja na gesi joto zinazotoka mashambani, kishawishi cha kwanza huwa ni kutafuta kifaa kimoja kitakachofanya kazi zote mbili. Vifaa vya namna hiyo havikosekani mitandaoni: kisanduku kimoja, nyaya sita au saba zinazoning'inia, paneli ndogo ya jua, na maelezo yanayoahidi kupima asidi, chumvi, oksijeni, tope, methani na hewa ya ukaa kwa bei isiyofika ya pikipiki iliyotumika. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayesita mbele ya kisanduku hicho, hasa katika skimu za mpunga za Tanzania na Kenya, ambako maji na methani haviachani: maji yakisimama jarubani kwa muda mrefu, vijidudu vilivyo kwenye tope lisilo na oksijeni huanza kuitengeneza.

Swali ninalolitumia kupima kila kifaa ni moja tu: namba ikibadilika, nani atafanya nini ambacho hakukifanya jana? Kihisi cha dola 15 kinachomfanya msimamizi wa banio afunge lango wakati maji ya chumvi yanapopanda kina thamani kubwa kuliko mtambo wa dola 40,000 ambao namba zake huishia kwenye ripoti.

Upande wa maji: anza na chumvi

Kati ya vipimo vyote vya maji, upitishaji wa umeme ndio unaofanywa vizuri zaidi na kifaa cha bei nafuu. Maji safi kabisa hayapitishi umeme vizuri. Kadiri chumvi inavyoyeyuka ndani yake ndivyo umeme unavyopita kwa urahisi, kwa hiyo elektrodi mbili na saketi ndogo zinatosha kukadiria jumla ya chumvi. Mwongozo wa FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) wa mwaka 1985 kuhusu ubora wa maji ya umwagiliaji, ambao bado unatumika, unasema kuwa maji yaliyo chini ya 0.7 dS/m (desisimensi kwa mita, kipimo cha upitishaji wa umeme) hayana kizuizi kwa upande wa chumvi, kati ya 0.7 na 3.0 yanahitaji uangalifu, na zaidi ya 3.0 ni ya hatari kwa mazao mengi. Maharage na vitunguu huanza kupoteza mavuno mapema, kwenye maji ya 0.7 hadi 0.8 hivi, ilhali mpunga huvumilia hadi karibu 2.0 na nyanya karibu 1.7. Mkulima wa karibu na mdomo wa Mto Pangani au katika delta ya Rufiji, ambako maji ya bahari hupanda mtoni wakati wa kiangazi, ana sababu ya kupima kila siku, kwa kuwa maji ya bahari hufika karibu 50 dS/m na kiasi kidogo tu kikichanganyika na maji ya mto hubadilisha kila kitu.

Hapa chaguo ni tatu. Ya kwanza ni kalamu ya kupima chumvi inayouzwa kwa dola 10 hadi 20, ambayo husoma sehemu kwa milioni. Kasoro yake haiko kwenye kupima bali kwenye kutafsiri: kifaa chenyewe hupima umeme, kisha huzidisha kwa namba iliyochaguliwa na mtengenezaji, ambayo kwa kawaida ni 0.5 au 0.7. Maji yale yale ya 1 dS/m yatasomeka 500 kwenye kalamu moja na 700 kwenye nyingine, na wakulima wawili wenye kalamu tofauti watabishana mchana kutwa huku wote wakiwa sahihi. Chaguo la pili ni kipima cha mkononi cha kiwango cha kati, cha dola 60 hadi 150, kinachoonyesha upitishaji wa umeme wenyewe, kinachorekebisha joto, na kinachoweza kusawazishwa kwa myeyusho sanifu wa 1413 µS/cm, yaani karibu 1.4 dS/m. La tatu ni kihisi cha kuacha mferejini muda wote, kilichounganishwa na kinasa kumbukumbu.

Urekebishaji wa joto si jambo la kupuuza. Upitishaji wa umeme hupanda kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi, kwa hiyo maji ya mfereji yenye nyuzi 20 alfajiri na nyuzi 32 alasiri yanaweza kuonyesha tofauti ya karibu robo nzima bila chumvi kuongezeka hata kidogo. Anayejitengenezea kifaa asisahau kuweka kihisi cha joto karibu na elektrodi. DS18B20, chenye usahihi wa nusu nyuzi na kinachogharimu dola chache tu, kinatosha kabisa, ingawa bandia zake ni nyingi sokoni na inafaa kuvijaribu kwanza kwenye maji yenye barafu.

Kwa skimu nyingi ningechagua kipima cha mkononi cha kiwango cha kati na kuacha kihisi cha kudumu. Chumvi ya maji ya mto wa bara haibadiliki saa kwa saa, na mtu anayepita kwenye banio la mfereji kila asubuhi akiwa na daftari atapata picha ya kutosha. Kihisi cha kudumu kina maana pale tu maji yanapobadilika usiku au kwa kupwa na kujaa kwa bahari, na hata huko lazima mtu akisafishe kila wiki, kwa sababu mwani na tope huganda kwenye elektrodi na namba huanza kuteleza kimyakimya.

Kuna jambo ambalo kipimo hiki hakisemi, nalo ni aina ya chumvi. Katika maeneo yanayozunguka Meru na Kilimanjaro kuna maji yenye sodiamu nyingi ikilinganishwa na kalsiamu na magnesiamu, na maji ya namna hiyo huweza kuharibu muundo wa udongo hadi ukaacha kunyonya maji, hata kama jumla ya chumvi inaonekana ndogo. Kwa kweli chumvi ikiwa ndogo sana tatizo hilo huzidi. Floraidi nayo, ambayo ni kero inayojulikana Arusha, haijitokezi kwenye namba ya umeme. Kwa mambo haya hakuna kihisi cha bei nafuu ninachoweza kukipendekeza. Chukua chupa ya maji mara moja au mbili kwa mwaka uipeleke kwenye maabara ya maji ya mkoa au ya utafiti wa udongo, kama ile ya TARI Mlingano huko Tanga au ya KALRO iliyoko Kabete.

Asidi, oksijeni, tope na naitreti

Kihisi cha asidi, yaani pH, ndicho kinachonunuliwa zaidi na ndicho kinachokufa haraka zaidi. Elektrodi ya kioo inapaswa kubaki ndani ya myeyusho wa kloridi ya potasiamu, isawazishwe kwa miyeyusho ya 4.01 na 7.00, na ibadilishwe baada ya mwaka mmoja au miwili; ikikauka kwenye droo ya ofisi ya umoja, imekwisha. Maji ya umwagiliaji kwa kawaida huwa kati ya 6.5 na 8.4 na hayarukiruki, hivyo karatasi za rangi zinatosha.

Oksijeni iliyoyeyuka haina maana kubwa kwa mpunga, lakini mwenye bwawa la perege pembeni ya shamba ana habari tofauti. Oksijeni ya bwawa hushuka usiku kwa sababu mwani huacha kuitengeneza huku ukiendelea kuitumia, na saa mbaya zaidi ni ile ya kabla ya mapambazuko, wakati mfugaji amelala. Hapo kihisi kinachopima chenyewe kinashinda kila njia ya mkono. Vihisi vya utando vinavyouzwa kwa dola 150 hadi 200 hufanya kazi, ila vinataka kubadilishiwa utando na myeyusho wa ndani, na vinahitaji maji yanayotembea mbele yake kwa kuwa vyenyewe hula oksijeni vinapopima; maji yakituama, namba hushuka kwa kosa. Vile vinavyotumia mwanga ni ghali zaidi lakini havina tabu hiyo. Mfugaji mwenye bwawa moja tu naona afadhali anunue seti ya matone ya kemikali na kuamka saa kumi alfajiri mara chache kwa mwezi, hasa baada ya siku za mawingu.

Vihisi vya tope vya bei ya chini kabisa vimetokana na vile vya mashine za kufulia nguo, na vinajua kutofautisha maji machafu na masafi kuliko kutoa namba ya kuaminika. Mrija mrefu wa plastiki wenye alama nyeusi chini, ambao mtu huujaza maji hadi alama isionekane, ni wa kuaminika zaidi na haumalizi betri.

Naitreti ndiyo inayohitaji maelezo marefu, kwa sababu ndipo ubora wa maji unapokutana na mfuko wa mkulima. Elektrodi za naitreti za bei nafuu husumbuliwa na kloridi, huteleza siku hadi siku, na zinataka kusawazishwa kila zinapotumika. Sijaona sababu ya skimu ndogo kuzinunua. Vijikaratasi vya rangi ni vya kukadiria tu, lakini kukadiria kunatosha kama swali ni iwapo mbolea bado ipo kwenye udongo au imeshazama. Mfano mzuri ni skimu ya Kiwere mkoani Iringa, ambako mradi uliofadhiliwa na Australia kuanzia mwaka 2013 uliwapa wakulima vitu viwili vya bei ndogo: vihisi vya Chameleon vya unyevu wa udongo, vinavyoonyesha rangi ya samawati udongo ukiwa na maji, kijani ukiwa wa kati na nyekundu ukiwa mkavu, pamoja na vikusanya-maji vilivyozikwa ardhini ambavyo maji yake yalipimwa naitreti kwa vijikaratasi. Wakulima walipoona kwa macho yao kwamba kumwagilia kupita kiasi kunasukuma mbolea chini ya mizizi, walipunguza idadi ya siku za kumwagilia. Hakuna aliyehitaji namba yenye nukta mbili za desimali ili kufanya uamuzi huo.

Tahadhari moja kwa anayetumia vijikaratasi: soma vizuri lebo. Baadhi huonyesha naitreti nzima na baadhi huonyesha nitrojeni iliyomo tu; miligramu 50 za naitreti kwa lita, ambacho ni kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa, ni sawa na miligramu 11.3 za nitrojeni. Ukichanganya hizo mbili utakuwa umekosea zaidi ya mara nne.

Vijidudu vya kinyesi, viuatilifu na metali nzito havimo kabisa katika uwezo wa vihisi vya bei nafuu. Anayemwagilia mboga kwa maji ya mto unaopita mjini, kama ule wa Msimbazi jijini Dar es Salaam, asijipe moyo kwa sababu skrini imeandika pH 7.2.

Upande wa gesi: hesabu kabla ya kununua

Hapa ugumu unaongezeka sana, na sababu yake ni rahisi kuieleza kwa namba. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC), katika marekebisho yake ya mwaka 2019, lilikadiria kuwa wastani wa dunia kwa hekta moja ya mpunga uliofurika mfululizo bila mbolea za asili ni kilo 1.19 za methani kwa siku. Hiyo ni takriban miligramu 5 kwa kila mita ya mraba kwa saa. Tuseme mtafiti anafunika sehemu ya jaruba kwa kasha lenye kimo cha nusu mita na kusubiri nusu saa: methani ndani ya kasha itapanda kutoka kiwango cha kawaida cha hewa, ambacho ni karibu sehemu 1.9 kwa milioni, hadi kama sehemu 9 au 10. Kihisi cha MQ-4, ambacho ndicho kinachowekwa kwenye visanduku vingi vya bei nafuu, kimetengenezwa kugundua uvujaji wa gesi asilia na kwa maelezo ya mtengenezaji huanza kufanya kazi kwenye mamia ya sehemu kwa milioni. Kukitumia jarubani ni sawa na kupima dhahabu kwa mizani ya magunia.

Kihisi cha Figaro TGS 2611 ni cha jamii hiyo hiyo ya oksidi ya metali, lakini kina hadhi nyingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping nchini Sweden, wakiongozwa na David Bastviken, walionyesha mwaka 2020 kwamba kikisawazishwa kimoja kimoja, na kikipimiwa unyevu na joto kwa kihisi cha pili kilicho kando yake, kinaweza kufuatilia methani kuanzia karibu na kiwango cha hewa ya kawaida hadi mamia ya sehemu kwa milioni ndani ya makasha yanayoelea juu ya maji. Sharti hilo la unyevu ndilo linalowaangusha wengi: hewa ndani ya kasha lililo juu ya maji hujaa mvuke kwa dakika chache, na kihisi cha oksidi ya metali huona mvuke kama kinavyoona gesi. Kwenye mabwawa, madimbwi ya samadi na maeneo yenye methani nyingi, kifaa cha namna hii kinafaa. Kwenye jaruba la kawaida kinafanya kazi mpakani mwa uwezo wake, na bila kulinganishwa na mtambo wa maabara namba zake hazina uzito.

Umeme nao usisahaulike. Vihisi hivi vina kipasha joto kinachowaka muda wote. MQ-4 hutumia karibu wati 1, na betri moja ya lithiamu ya ukubwa wa 18650 haimalizi nusu siku.

Hewa ya ukaa ni rahisi zaidi kuipima kwa sababu vihisi vyake hutumia mwanga wa infraredi badala ya kemia ya juu ya metali. Senseair K30 na Sensirion SCD30 vina usahihi wa sehemu 30 kwa milioni pamoja na asilimia 3 ya usomaji, na ndani ya kasha gesi hiyo hupanda kwa mamia ya sehemu, kwa hiyo kasi ya kupanda huonekana bila shida. Kuna mtego mmoja: vihisi vingi vya aina hii, hata MH-Z19 cha bei ndogo zaidi, hujisawazisha vyenyewe kwa kudhani kuwa usomaji wa chini kabisa wa siku au wiki ni hewa safi ya sehemu 400. Ofisini dhana hiyo inakubalika. Ndani ya kasha shambani inapotosha kila kitu, hivyo lazima izimwe kabla ya kazi. Hata hivyo, gesi iliyo rahisi zaidi kuipima ndiyo yenye faida ndogo zaidi kwa mkulima wetu. Kasha lisilopitisha mwanga juu ya udongo hupima pumzi ya udongo na mizizi, si mizania ya shamba, maana mmea hurudisha sehemu kubwa ya gesi hiyo mchana.

Naitrasi oksaidi iachwe. Gesi hii, ambayo kwa miaka 100 hupasha joto mara 273 kuliko hewa ya ukaa, hupanda ndani ya kasha kwa makumi tu ya sehemu kwa bilioni, na hakuna kihisi cha bei nafuu kinachofika huko. Njia ni kuchukua hewa kwa sirinji na kuipeleka kwenye maabara yenye kromatografia ya gesi, kama ile ya Mazingira Centre iliyoko ILRI, Nairobi, au kutumia mitambo ya leza ya makumi ya maelfu ya dola.

Bomba lenye matundu dhidi ya kihisi cha methani

Ulinganisho ninaouona kuwa na uzito kuliko mingine yote ni huu. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga (IRRI), yenye makao yake Ufilipino, ilieneza kifaa kisicho na umeme wala skrini: kipande cha bomba la plastiki chenye urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 10 hadi 15, kilichotobolewa matundu pembeni na kuzikwa jarubani hadi nusu yake. Maji yakishuka hadi sentimita 15 chini ya uso wa udongo, mkulima hufurisha tena hadi sentimita 5 juu yake. Wakati wa kuchanua hairuhusiwi kukausha. Ukaushaji huo huingiza oksijeni kwenye tope na kuwanyima nafasi vijidudu vya methani.

Kwa viwango vya IPCC vya mwaka 2019, shamba linalokaushwa mara kadhaa katika msimu hukadiriwa kutoa asilimia 55 ya methani ya shamba lililofurika mfululizo, na linalokaushwa mara moja asilimia 71. Katika msimu wa siku 100, hekta iliyofurika hutoa kilo 119, na ile inayokaushwa mara kadhaa kilo 65 hivi. Tofauti ya kilo 54, ikizidishwa kwa 27 kwa kuwa kwa miaka 100 methani hupasha joto karibu mara 27 kuliko hewa ya ukaa, ni sawa na karibu tani 1.5 za hewa ya ukaa. Ni makadirio ya wastani na shamba fulani linaweza kutofautiana nayo sana, lakini kosa lake halizidi lile la kihisi cha methani ambacho hakijasawazishwa, na daftari la kina cha maji huandikwa na mkulima mwenyewe. Kwa mbolea vilevile: mifuko miwili ya urea ya kilo 50 ina kilo 46 za nitrojeni, na kwa kiwango cha jumla cha asilimia 1 ya nitrojeni kugeuka naitrasi oksaidi, kinachotumika kwa mazao ya nchi kavu kama mahindi, inakadiriwa kutoa gesi inayolingana na karibu kilo 200 za hewa ya ukaa. Risiti ya duka la pembejeo hapo ndiyo kihisi.

Ikiwa skimu ina fedha za kihisi kimoja cha elektroniki upande wa gesi, basi kiwe cha kina cha maji ndani ya bomba hilo. Kihisi cha mawimbi ya sauti kisichopitisha maji, mikrokontrola ndogo kama ESP32 inayolala kati ya vipimo, na kadi ya kumbukumbu vinatosha. Mtandao wa LoRa, yaani redio ya masafa marefu inayotumia umeme kidogo, uongezwe pale tu mashamba ni mengi na kuna mtu wa kutunza kituo cha kupokelea. Faida yake juu ya rula ni ushahidi: kumbukumbu ya kila saa inaonyesha jaruba lilikaushwa lini na kwa siku ngapi, jambo ambalo daftari lililojazwa siku moja kabla ya ukaguzi haliwezi.

Nani achukue kipi

Umoja wa wamwagiliaji wa mpunga wa bara uchukue kipima chumvi cha mkononi, vijikaratasi vya naitreti, mabomba yenye matundu kwa kila kitalu cha mfano, na bajeti ya sampuli mbili za maabara kwa mwaka. Kwa skimu ya pwani, fedha za naitreti zihamishiwe kwenye kihisi cha chumvi cha kudumu karibu na banio, pamoja na posho ya atakayekisafisha. Mfugaji mwenye mabwawa mengi aanze na oksijeni na asahau mengine.

Mwanafunzi wa chuo, kama wale wa Sokoine pale Morogoro, anayetaka kupima methani kwa vihisi vya bei nafuu ana sababu nzuri ya kufanya hivyo, kwa kuwa makasha 20 ya bei ndogo huonyesha tofauti za mahali na mahali ambazo mtambo mmoja wa gharama hauwezi kuziona. Atenge, hata hivyo, sehemu ya bajeti kwa ajili ya sampuli za sirinji zinazochukuliwa katika makasha yale yale kwa saa zile zile, kisha asawazishe kila kihisi mwanzoni na mwishoni mwa msimu, maana viwili vilivyotoka kwenye pakiti moja havisomi sawa.